Nyumba Moja, Vyama Viwili: Bibi Brundtland wa Norwe

Wahenga walinena kwamba mashoka mawili yakikaa katika kapu moja hayakosi kugongana. Je, itakuwaje mume akiwa mfuasi wa chama kimoja cha siasa, na mkewe akawa kiongozi wa chama kinachopingana nacho? Jambo hilo lilitokea katika nchi ya Norwe, kaskazini ya Ulaya, nyumbani kwa Bibi Gro Harlem Brundtland.

Bibi huyo alizaliwa mwaka 1939. Baba yake, Gudmund Harlem, alikuwa daktari na mwanasiasa wa Chama cha Wafanyakazi, akapata kuwa Waziri wa Ulinzi katika miaka ya 1960. Binti alifuata nyayo za baba: alisomea udaktari na kujiunga na chama hicho hicho. Lakini mwaka 1960 aliolewa na Bwana Arne Olav Brundtland, ambaye alikuwa mtu wa Høyre, yaani chama cha wahafidhina, mpinzani mkubwa wa Wafanyakazi. Wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1974 Bibi Brundtland aliteuliwa kuwa Waziri wa Mazingira. Watoto walikuwa bado wadogo, na kazi ya uwaziri haina saa ya kutoka. Mumewe alikubali kubeba sehemu kubwa ya kazi za nyumbani na malezi. Wala hakuhama chama chake, na mke hakuhama chake.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1981. Mwezi wa Februari, Bibi Brundtland, akiwa na umri wa miaka 41, alikuwa mwanamke wa kwanza kushika cheo cha Waziri Mkuu wa Norwe. Mwezi wa Septemba wananchi walipiga kura, na wahafidhina wakapata nafasi ya kuunda serikali chini ya Kåre Willoch. Hivyo chama cha mume ndicho kilichomtoa mke madarakani, baada ya miezi minane tu. Bibi Brundtland alikabidhi ofisi mwezi wa Oktoba, akaenda kuongoza upinzani Bungeni. Ndoa yao haikuvunjika.

Ili msomaji aelewe yaliyofuata, yafaa ajue desturi za Bunge la Norwe, liitwalo Storting. Mpiga kura huchagua orodha ya chama, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Kwa hiyo ni nadra chama kimoja kupata zaidi ya nusu ya viti. Tena Bunge hilo hukaa miaka minne kamili. Si Mfalme wala Waziri Mkuu awezaye kulivunja kabla ya muda wake. Serikali ikianguka, wabunge hao hao hawana budi kutafuta nyingine miongoni mwao.

Katika uchaguzi wa mwaka 1985 palikuwa na viti 157. Vyama vitatu vya Bwana Willoch vilipata viti 78. Wafanyakazi walipata 71, na wenzao wa mrengo wa kushoto 6, jumla 77. Viti 2 vilivyobaki vilikuwa vya Chama cha Maendeleo cha Carl I. Hagen. Wabunge hao wawili ndio waliokuwa wameshika mizani.

Mwaka 1986 bei ya mafuta duniani iliporomoka, na Norwe, ambayo huchimba mafuta baharini, ikapungukiwa na mapato. Serikali ilitaka kuongeza kodi ya petroli, na Bwana Willoch akatamka kwamba akishindwa katika jambo hilo atajiuzulu. Wabunge wawili wa Bwana Hagen walikataa. Kura zikawa 79 kwa 78. Serikali ikaanguka kwa tofauti ya kura moja!

Hapakuwa na ghasia. Bwana Willoch aliondoka kama alivyoahidi, na tarehe 9 Mei, 1986, Bibi Brundtland akarudi katika ofisi aliyoiacha. Serikali yake ilikuwa na watu 18, na 8 kati yao, pamoja na yeye mwenyewe, walikuwa wanawake. Habari hiyo ilienea ulimwenguni kote.

Hata hivyo, kiti hicho hakikuwa cha starehe. Kwa kuwa chama chake kilikuwa na viti 71 tu, alilazimika kuwabembeleza wapinzani ili apitishe bajeti na sheria. Mara moja thamani ya fedha ya nchi ilishushwa kwa asilimia 12, na familia zikalazimika kufunga mikaja. Aliongoza hadi 1989, akarudi tena 1990 hadi 1996. Mwaka 1992 alifiwa na mwanawe wa kiume, akauacha uongozi wa chama, lakini akaendelea na kazi ya taifa. Mwaka 1994 aliwashauri wananchi waiingize nchi katika Umoja wa Ulaya. Walikataa kwa asilimia 52.2. Bibi Brundtland aliyapokea maamuzi yao, na Norwe ikabaki nje.

Mwaka 2013 chama cha wahafidhina, kile cha Bwana Arne Olav, nacho kilitoa Waziri Mkuu mwanamke, Erna Solberg, aliyeongoza hadi 2021. Njia iliyofunguliwa na mke ilipitiwa na chama cha mume.

Basi mashoka yaligongana kweli, lakini kapu halikupasuka. Nyumbani kwa Bibi Brundtland kila mmoja alikuwa na kura yake, na watoto walikuwa wa wote wawili. Bungeni nako aliyeshindwa alikabidhi funguo, naye aliyeshinda alijua kwamba siku moja atazikabidhi yeye pia.