Utangulizi: Nguvu za Mkono Zinakaa Kwenye Kigasha

Ninyi mnaanza masomo ya uganga na uuguzi hapa Lubumbashi. Vitabu vingi huanza na mifupa. Sisi tutaanza na kazi, maana mji huu umejengwa kwa mikono tangu shaba yake ya kwanza ilipoyeyushwa mwaka 1911, na mtaa kama Naviundu, katika komini ya Annexe, hadi leo unakula kwa jasho la mikono: kufyatua matofali, kulima bustani, kukata mabati.

Mifupa niitaje upesi. Kigasha kina miwili, mkono wenyewe 27. Linaloshangaza zaidi ni kwamba ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, kisha kunja ngumi: utasikia misuli ikijikaza karibu na kisugudi. Huko ndiko vidole vinakovutwa, kwa kano ndefu, na kano 9 hupita pamoja na neva moja katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Ndiyo maana sikubali jeraha la kifundo liitwe dogo. Bati likiacha mchano wa sentimita 2 tu, huenda limekata kano na neva kwa pamoja.

Neva kuu ni tatu. Ya radiali huzunguka nyuma ya mfupa wa juu ya kisugudi. Mfupa huo ukivunjika, neva yaweza kuumia, kiganja kikaning'inia. Ya mediani ndiyo inayopita katika ile njia nyembamba. Bila yake dole gumba hushindwa kukabili vidole vingine. Ya alnari mnaijua tayari: ndiyo mnayoigonga kisugudini mkahisi mshtuko hadi kidole cha mwisho. Hiyo ningependa mkae nayo zaidi. Inaendesha sehemu kubwa ya misuli midogo ya kiganja, na ukoma, ugonjwa ambao Kongo bado haijauaga, huishambulia kuliko neva nyingine za mkono. Vidole viwili vya mwisho hujikunja kama kucha za mwewe, ganzi huingia, na mama hushika sufuria ya moto asijue kwamba anaungua.

Mwaka 1943 Herbert Seddon, mpasuaji wa Uingereza, aligawa majeraha ya neva katika aina tatu: neva iliyonyamaza kwa muda baada ya kubanwa, iliyokatika nyuzi za ndani huku ala ikiwa nzima, na iliyokatika kabisa. Hii ya mwisho inahitaji kushonwa. Hata ikishonwa vizuri, nyuzi huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Hesabuni wenyewe: sentimita 25 kutoka kisugudi hadi kiganjani ni zaidi ya miezi 8, na misuli iliyokaa muda mrefu bila neva hudhoofika isirudi tena.

Basi mkipokea mtu aliyekatwa, mpimeni kabla ya sindano ya ganzi. Mwambieni ainue kiganja, agusishe dole gumba na kidole cha mwisho, kisha atanue vidole. Mguseni ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na ngozi ya mgongo wa mkono karibu na dole gumba. Andikeni saa na mliyoyaona, na mwendo wowote au hisia yoyote ikikosekana, mpelekeni kwa mpasuaji siku hiyohiyo.