"Mama, ulipata kipaimara mwaka gani?"

Kuna maswali mtoto akikuuliza unatafuta pa kujificha. La kwangu lilikuja Jumapili moja ya Februari 2023, hapa Wete, nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mwanangu, wakati huo ana miaka 13, alikuwa amekaa kizingitini na daftari lake la darasa la kanisani. Mwalimu wa kipaimara alikuwa amewapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja akawaulize wazazi wake walibatizwa wapi, walipata kipaimara mwaka gani, na askofu aliyewawekea mikono alikuwa nani.

Baba yake alijibu kutoka sebuleni bila hata kufikiri. Mwaka, kanisa, askofu, mpaka rangi ya shati alilovaa siku hiyo. Zamu yangu ikafika.

"Mama, wewe ulipata kipaimara mwaka gani?"

Nikamwambia asubiri nimalize nazi. Nazi ikaisha. Nikachuja tui la kwanza, nikachuja la pili. Akauliza tena. Nikamwambia nitakumbuka kesho.

Nikumbuke nini? Sikuwahi kupata kipaimara.

Kwa wasiolijua kanisa letu, ngoja nieleze. Sisi Waanglikana, hasa wa upande huu wa Zanzibar na Tanga uliofunguliwa na misheni ya UMCA, mtoto anabatizwa akiwa mchanga, wazazi na wasimamizi wakimsemea. Akifika umri wa kujitambua anaingia darasani. Anajifunza Imani, Sala ya Bwana, Amri Kumi na sakramenti, kisha askofu anamwekea mikono. Padri hawezi kuifanya kazi hiyo, ni ya askofu peke yake. Baada ya hapo ndipo mtu anapokea Komunyo.

Mimi nilibatizwa Magila, Muheza, nikiwa na wiki chache. Darasa nililianza, nikaliacha katikati nilipokwenda Dar es Salaam kwa shangazi kutafuta maisha. Huko Jumapili moja wenzangu wote wakanyanyuka kwenda kupokea, nikaona aibu kubaki peke yangu kwenye benchi kama mtu aliyefumaniwa. Nikasimama. Nikapokea. Ukishafanya mara ya kwanza, ya pili haina kazi. Nilipofunga ndoa mwaka 2008 niliulizwa cheti cha ubatizo tu, nacho nilikuwa nacho. Kwa hiyo mume wangu alinijua kwa miaka 15 kama mama wa kanisa, wa kanga ya kufunga vizuri na sauti ya pili kwenye kwaya, na kumbe kuna kitu sikuwahi kumwambia.

Saa moja kwa wiki

Tulihamia Wete mwaka 2019, mume wangu alipoletwa kikazi. Pemba kwa sensa ya mwaka 2022 ina watu zaidi ya laki tano, na karibu wote ni Waislamu. Wakristo wengi ni watu wa uhamisho kama sisi: askari, wauguzi, walimu, wafanyakazi wa serikali. Leo familia nne zinafika, mwezi ujao tatu zinaondoka. Kanisani hakuna anayekaa nyuma akajificha, kwa sababu hakuna nyuma.

Na mafunzo yanakwenda hivyo hivyo, kwa kubanana. Watoto wadogo wanakaa chini ya mti na mkeka wao, wanachora safina na kuimba. Darasa la kipaimara linaingia sakristia, kati ya kabati la mavazi ya padri na ndoo ya maji. Vijana wa TAYO wanakutana Jumamosi, wanaanza na Biblia wanamaliza na mpira. Akina mama ni Jumatano alasiri. Wazee hawana siku, wao kila siku ni yao.

Usiku ule nilikuwa nawaza jambo la pili, zito kuliko aibu yangu. Wiki mbili nyuma mwanangu alikuwa ameniambia hataki tena kwenda darasani. Nilidhani uvivu. Kumbe skuli kuna mwenzake amemwambia, "Dini yenu ya wageni, mmekuja nayo melini." Sikuona ubaya wa huyo mtoto, watoto ni watoto, na kesho yake walikuwa wanagawana embe. Lakini mwanangu alilibeba. Kipindi cha Dini kikifika, wenzake wanabaki na yeye anaruhusiwa kutoka. Anakaa barazani peke yake dakika zote hizo. Halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Mama, kama ni ya bara, si tutarudi nayo bara? Hapa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Na wakati huo huo jirani yangu ananipa changamoto bila kujua. Mwanawe ana miaka tisa, kila siku akitoka skuli anakula, anaoga, anavaa kofia yake na kwenda chuoni. Sura kibao ameshazihifadhi. Akikosea, mama yake anamsahihisha kutoka jikoni huku anageuza mkate wa kumimina. Mama anajua. Mimi wangu ana saa moja kwa wiki sakristia, na akirudi na swali nyumbani, mama mtu anajificha kwenye tui.

Baba yake alikuwa na dawa fupi: ataenda, atake asitake. Mume wangu ni mtu mwema lakini mambo mengine anayaendesha kama zamu ya kazini. Nami ningemlazimisha kwa mdomo upi?

Miaka kumi na tano!

Nilikwenda kwa padri Jumatatu. Nilitegemea kufokewa. Hakufoka. Alinyamaza kidogo, akaniambia nisimame kupokea kwanza, niingie darasa la watu wazima, na nizungumze na mume wangu kabla ya Jumapili. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho.

Sikuzungumza. Ikafika Jumapili, watu wakanyanyuka, mimi nikabaki kwenye benchi. Mume wangu akageuka. "Unaumwa?" Nikatikisa kichwa. Mwanangu alikuwa anahudumu altareni, akaniona, akatazama chini haraka.

Usiku nikasema yote. Dada zangu mnaosoma, msifanye kama mimi kungoja mpaka mtoto awe na daftari. Mume wangu hakugomba. Alisema tu, "Miaka kumi na tano!" kisha akatoka nje. Siku mbili tuliongea habari za chumvi na ufunguo tu. Kilichomuuma, alikuja kuniambia, si kipaimara. Ni kwamba kila Jumapili alikuwa anapiga magoti pembeni yangu akidhani ananijua.

Siku ya tatu alirudi kazini na daftari jipya, akaniwekea mezani. "La kwako," akasema. Kuanzia hapo jioni alikuwa ananihoji Amri Kumi, na ya saba naipeleka ya nane, anacheka mpaka anashika mbavu.

Mwanangu naye nilimwambia. Yeye hakushangaa sana. Aliuliza tu kama na mimi nitafanya mtihani. Nikasema ndiyo. Akasema basi atakuja darasani kuona.

Sasa hili la akina mama ndilo lililonifundisha kuliko yote. Umoja wetu wa Akina Mama, au Mothers' Union, ulianzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa padri wa kijijini, baada ya kupata mjukuu na kukumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyolea kwa hofu. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alipowaita wanawake alishikwa na haya, akashindwa kusema neno, akawaomba warudi wiki nyingine. Nilipoisikia nikampenda papo hapo.

Msimu wa karafuu hatukai ndani. Tunatandika jamvi nje ya nyumba ya mwenzetu mwenye shamba, tunamsaidia kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, na mmoja anasoma kwa sauti. Vidole vikiwa na kazi, midomo inafunguka. Hapo ndipo nilipomwuliza bibi mmoja wa zaidi ya miaka sabini, mzaliwa wa hapa Wete, lile swali la mwanangu. Dini yetu hapa ni ya wageni?

Bibi hakuinua macho kwenye karafuu zake. "Wewe umebatizwa wapi?"

"Magila."

"Basi ya kwenu imetoka huku."

Nikadhani utani. Jumatano iliyofuata mwalimu akatupa kipindi kizima. Askofu Tozer na Dokta Edward Steere wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, wakakabidhiwa kwao na Sultani Majid. Shule yote ilianzia kwa watoto hao watano. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyekombolewa utumwani, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Steere alijifunza Kiswahili hapa visiwani, akatafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, na ndicho kilichovuka bahari. Magila kwetu ilikuja baadaye. Yaani nyanya yangu pale Muheza alikuwa anasali kwa maneno yaliyotoka visiwani, na mimi nimeyarudisha na meli nikidhani nayaleta.

Na si hivyo tu. Archdeacon Farler, yule tunayemsikia Magila tangu utotoni, aliyefika huko mwaka 1875, baadaye alikuja kufanya kazi hapa hapa Pemba. Amri ya Sultani Hamoud ya mwaka 1897 ilipofuta utumwa kisheria, yeye akawa ofisa wa serikali wa kushughulikia watumwa waliotaka uhuru wao. Mwaka huo huo wa 1897 Waquaker nao wakafungua misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, ili waliotoka utumwani wapate kazi ya mshahara na mahali pa kusoma.

Lakini ile amri, mwalimu alitueleza, haikumfungulia mtu mlango akiwa amelala. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mbele ya ofisa adai uhuru wake, na bwana wake alilipwa fidia. Asiyekwenda alibaki alivyo. Utumwa haukumalizwa kabisa kisheria mpaka amri ya mwaka 1909.

Hapo bibi akasema, "Babu yangu alikwenda. Kwa miguu yake. Hakuna aliyemsemea."

Nilimpelekea mwanangu habari zote usiku ule, tena kwa kishindo, nikimwambia kesho akamjibu yule mwenzake. Kilichonishinda ni kwamba Jumapili bibi alimwita mwenyewe, akamwambia mbele yangu, "Sikumfunza mama yako ili ukamnyamazishe mtoto wa watu. Jamaa zangu wengine wanaswali, wengine wanasali, na Iddi pilau tunakula sinia moja. Nimekwambia ili ujue unakaa wapi." Nilitamani ardhi inimeze. Hata hivyo mtoto alimwelewa kuliko mimi. Aliuliza maswali kama kumi juu ya yule babu: alikwenda na nani, aliogopa, akirudi alilala wapi. Mengine bibi aliyajibu, mengine akasema hakusimuliwa.

Darasa letu lilichukua zaidi ya mwaka, maana mwalimu alihamishwa katikati na mwingine akaanza upya, ndiyo Pemba. Mwaka 2024 tukaambiwa askofu anavuka kutoka Unguja. Mwalimu alimwita kila mwanafunzi peke yake na kumwuliza swali moja: unataka wewe, au nyumbani wanataka? Mwanangu alijibu kwamba bado anafikiri.

Nyumbani moto uliwaka. Baba yake alisema mwaka mzima wa daftari na kalamu hauwezi kuishia kwenye "nafikiri". Safari hii nilikuwa na mdomo. Nikamwambia mimi nilipokea nikiwa sitaki kuonekana, na hayo ndiyo matunda yake. Mwache. Alikasirika, akatoka nje kama kawaida yake, akarudi akaniambia nimhoji yeye Amri Kumi, tuone. Alikosea ya tisa.

Tulikuwa watu saba mbele ya askofu, mimi mkubwa kuliko wote, watoto wengine wananifika kiunoni. Mwanangu alishika chetezo. Moshi ulikuwa mwingi mno, nadhani alitia ubani wa harusi nzima. Nilipopiga magoti nilimsikia anakohoa.

Jioni nilikuta ametoa lile daftari lake la zamani. Ule ukurasa wa Februari bado upo, upande wa baba umejaa, upande wa mama mtupu. Akaandika 2024. Kisha akaniuliza jina la askofu linaandikwaje.