Simu ikifa, isizikwe kibanjani

Bukoba. Fungua droo ya kabati la sebuleni katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, utakutana na vitu vilevile: kitochi kisichowaka, chaja iliyokatika waya, simu janja yenye kioo kilichopasuka na betri iliyovimba kama andazi. Mama hajui avipeleke wapi, baba anasema ipo siku fundi atavitengeneza, na mtoto mdogo ameshajua kuwa humo ndimo vilimo vitu vya kuchezea.

Ikifika siku ya usafi mkubwa, droo humwagwa. Maganda ya ndizi, majivu na mabaki ya chakula huenda kibanjani kurutubisha migomba, kama wazee walivyofundisha. Simu mbovu na betri zake nazo hufuata njia hiyohiyo. Hapo ndipo desturi njema inapogeuka kuwa hatari.

Safari zimepungua

Simu imeipa Kagera faida kubwa, na mazingira nayo yamefaidika. Kabla ya huduma za pesa kwa simu kuanza nchini mwaka 2008, mzazi wa Muleba aliyetaka kumtumia mwanaye ada mara nyingi alilazimika kupanda gari hadi benki mjini, au kumpa dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu ifike. Leo ada inalipwa akiwa amekaa barazani.

Kwa wenye kazi za kompyuta, mambo yamebadilika zaidi. Mhasibu, mfasiri au mtengeneza programu mwenye intaneti nzuri anaweza kukaa Bukoba na kumfanyia kazi mwajiri aliye Dar es Salaam, mji ulio zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Kila kikao kinachofanyika kwa simu kinaokoa mafuta ya basi au ndege, na mzazi analala nyumbani na watoto wake.

Umeme wa kuchaji nao ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Simu janja inayochajiwa kila siku kwa kawaida haifikishi uniti 10 za LUKU kwa mwaka mzima. Uniti hizo zinamalizwa na pasi ya wati 1,000 kwa saa 10 tu. Tena kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Uganda, ambako sehemu kubwa huzalishwa kwa maji ya Mto Nile, unaotoka katika Ziwa Victoria hilohilo linaloonekana ukiwa Bukoba.

Gharama iko wapi?

Mzigo mkubwa ambao simu inautwisha mazingira uko mwanzoni na mwishoni mwa maisha yake. Kabla haijafika dukani, milima imechimbwa kupata shaba, kobalti, lithiamu na dhahabu, na viwanda vimetumia nishati nyingi kuiunda. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa katika nchi jirani ya Kongo. Nikeli, inayotumika katika aina kadhaa za betri, ipo kwa wingi Kabanga, wilayani Ngara, humuhumu Kagera.

Kwa hiyo simu inayotumika miaka minne badala ya miwili imeokoa sehemu kubwa ya uharibifu huo. Fundi simu anayebadilisha kioo au betri pale sokoni anafanya kazi ya mazingira, hata kama hakuna anayemwita hivyo.

Mwishoni ndiko kugumu zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaonyesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Kibanja hakiozeshi betri

Kwa familia ya Kihaya, kibanja kinazunguka nyumba, kinalisha watoto, na mara nyingi ndimo babu na bibi walimozikwa. Kimedumu vizazi kwa vizazi kwa sababu kila kilichotoka jikoni na zizini kilirudishwa kwenye udongo.

Lakini ganda la ndizi linaoza, betri haiozi. Linalotoka ndani yake linabaki kwenye udongo uleule yanakoota maharage na mboga. Hatari kubwa zaidi ni betri za risasi na asidi, zile za sola na za pikipiki. Zimesambaa vijijini ambako umeme haujafika na katika visiwa vya Muleba, ambako baadhi ya wavuvi wa dagaa wameacha karabai wakahamia taa za betri. Betri hiyo ikipasuliwa uani ili kuuza risasi yake, asidi inamwagika na vumbi la risasi linabaki pale watoto wanapochezea.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Mtoto hutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi zaidi ya wa mtu mzima. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na madhara yake huweza kuonekana miaka mingi baadaye, mtoto anaposhindwa kutulia au kushika masomo. Mzazi atamlaumu mwalimu, kumbe chanzo kilikuwa uani.

Cha kufanya nyumbani

Kwanza, tengeneza kabla ya kununua. Simu ikipasuka kioo, pitia kwa fundi ujue gharama kabla ya kwenda dukani.

Pili, tafuta ndoo au kopo kavu lenye mfuniko, liwe la simu mbovu, chaja na betri tu, na likae mbali na watoto. Taka hizo zisichanganywe na za jikoni.

Tatu, betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala kubonyezwa, kwa sababu inaweza kulipuka moto. Iweke peke yake kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha mpelekee fundi.

Nne, usichome waya ili kupata shaba wala kutupa betri jikoni kwenye moto. Moshi wake ni sumu.

Tano, betri ya sola au ya pikipiki iondoke nyumbani ikiwa nzima. Ukinunua mpya, uliza kama muuzaji anapokea ya zamani.

Serikali ilitunga kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mkusanyaji wa taka hizo anatakiwa awe na kibali. Kikao cha kijiji au cha wazazi shuleni ni mahali pazuri pa kuuliza: za kwetu zinakusanywa wapi, na nani?

Mpaka jibu lipatikane, kopo lenye mfuniko juu ya kabati ni bora kuliko shimo chini ya mgomba. Kopo unaweza kulibeba ukaliondoa. Udongo wa kibanja hauhamishiki.