Vitabu vya Sir Winston Churchill na Nchi Yetu

Mwezi wa Oktoba mwaka 1907 manowari ya Kiingereza iitwayo Venus ilitia nanga Mombasa, na ndani yake alikuwamo kijana mwenye umri wa miaka 32, Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mdogo wa Makoloni. Aliandamana na mwandishi wake Edward Marsh, na Kanali Gordon Wilson aliyemwoa shangazi yake, na mtumishi wake George Scrivings, ambaye hakurudi kwao, maana alifariki Khartoum karibu na mwisho wa safari. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili, tangu 1940 hata 1945, na tena tangu 1951 hata 1955.

Churchill alikuwa mtu wa kalamu kabla hajawa mkubwa wa serikali, na riziki yake kwa sehemu kubwa aliipata kwa kuandika. Basi safari hii nayo aliiandika. Habari zake zilitoka kwanza kwa vipande katika gazeti la Strand la London mwaka 1908, na mwaka huo huo zikakusanywa kuwa kitabu kiitwacho My African Journey, yaani Safari Yangu ya Afrika. Katika vitabu vyake vingi, ambavyo ni makumi, hiki ndicho kinachotuhusu sisi kwa karibu zaidi.

Mtu wa Kitale au Bungoma akikifungua kwa kutafuta kwao atasikitika. Mwaka 1907 reli ilikwenda Kisumu tu. Tawi la Kitale halikufika mpaka mwaka 1926. Nchi hizi zetu zilikuwa zimetolewa katika Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, miaka mitano tu kabla ya mgeni huyo kuja, naye alipita kusini yake akielekea ziwani. Vita vya Lumboka na Chetambe, ambavyo Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, wazee walikuwa wangali wakivikumbuka vema. Lakini mgeni apitaye kwa gari la moshi huziona nyumba, hayasikii yasemwayo ndani.

Yale aliyoyaona ameyaeleza kwa ufundi mwingi. Alipanda reli ya Uganda akiwa ameketi juu ya kiti cha bustanini kilichowekwa mbele ya injini, ili awaone wanyama wa nyika bila kuzuiwa na kitu. Aliwinda faru, jambo ambalo leo lingempeleka mahakamani. Huko Uganda alimwona Kabaka Daudi Chwa, ambaye alikuwa mtoto wa miaka 11. Tena aligundua kwamba katika njia nyembamba za Afrika hakuna chombo kipitacho baisikeli, habari ambayo huenda iliwashangaza wasomaji wa London lakini haiwezi kumshangaza mtu yeyote wa Bungoma.

Sehemu iliyo bora kupita zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Jinja. Alisimama kwenye maporomoko ya Ripon, Mto Nile unapotoka ziwani, akaona nguvu ile yote ya maji inapita bure, akasema ifungwe na itumiwe. Bwawa la Owen Falls, ambalo maji yake yaliyafunika maporomoko hayo ya Ripon, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi wa Aprili 1954, na Waziri Mkuu wakati huo alikuwa yeye yule aliyesimama pale miaka 47 nyuma.

Lakini kitabu hicho hakisomwi vema kama kikisomwa peke yake. Kwanza, huwasema Waafrika kama watoto wanaohitaji mlezi, na msomaji wa leo hatapita kurasa hizo bila kukunja uso. Pili, liko shauri la ardhi. Masetla wa Nairobi walimwambia kwamba nyanda za juu ni nchi ya mzungu. Churchill aliwasikiliza, na katika kitabu alionesha mashaka makubwa. Aliwatetea hata Wahindi, akikumbusha kazi yao katika reli, biashara na jeshi, na kuuliza ni haki gani ya kuwafukuza. Msomaji akiishia hapo atadhani amempata rafiki.

Sasa na afungue vitabu vya wengine. Mwaka 1921 Churchill alikuwa Waziri wa Makoloni kamili, na mwezi wa Januari 1922, katika karamu mjini London, aliahidi kwamba nyanda za juu zitawekwa kwa ajili ya wazungu. Trans Nzoia ilikuwa mojawapo ya sehemu ambazo askari wa kizungu waligawiwa mashamba baada ya vita, kwa mpango wa mwaka 1919, kwa hiyo neno lile lilikuwa neno la Kitale hasa. Miezi miwili baada ya karamu hiyo, polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Thuku alihamishiwa Kismayu, na habari zake amezisimulia mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Mwenye kusoma safari ya 1907 na asisome kitabu cha Thuku amesikia upande mmoja wa kesi.

Hata hivyo vitabu vilivyoandikwa juu yake havimhukumu tu. Vingine vinamtolea ushahidi mwema usiopatikana katika vitabu vyake mwenyewe. Ronald Hyam alitoa mwaka 1968 kitabu juu ya Churchill na mkubwa wake, Lord Elgin, katika Wizara ya Makoloni. Katika majalada ya wizara hiyo yamo maneno makali aliyoyaandika Churchill mwaka 1908, alipopata habari za jeshi lililopelekwa Kisii, akilalamika kwamba mambo yale yalifanana na machinjo. Maisha yake kamili, yaliyoanzwa na mwanawe Randolph mwaka 1966 na kumalizwa na Martin Gilbert mwaka 1988, ni juzuu nane nene. Asiye na muda wa hizo, kitabu kimoja cha Richard Toye cha mwaka 2010 juu ya Churchill na himaya kitamtosha.

Kuna tena juzuu zake sita za Vita Kuu ya Pili, zilizotoka tangu 1948 hata 1953. Burma ina nafasi ndogo ndani yake, na askari wa Afrika Mashariki waliopigana huko wana nafasi ndogo zaidi. Pengo hilo hulizibwa kidogo na Waruhiu Itote, ambaye alikuwa askari wa KAR Burma kabla ya kuingia msituni, katika kitabu chake Mau Mau General cha mwaka 1967.

Itote alipoingia msituni, Waziri Mkuu alikuwa Churchill yule yule. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na Jomo Kenyatta na wenzake watano wakapelekwa Kapenguria kuhukumiwa. Kapenguria hapakuwa na reli wala hoteli, kwa hiyo mawakili wao, wakiongozwa na D. N. Pritt, walilala Kitale, wakienda kortini asubuhi na kurudi jioni. Walitoka Uingereza, Kenya, India, Nigeria na kwingineko, na kwa sababu ya ubaguzi wa rangi hawakuweza kukaa wote katika hoteli moja. Kitale ya siku hizo haikuwa na meza ambayo watu wale wangeweza kula pamoja. Montagu Slater aliitolea kesi hiyo kitabu mwaka 1955. Bildad Kaggia, mmoja wa washitakiwa sita, aliandika yake mwaka 1975. Na Fitz de Souza, mmoja wa mawakili, mwaka 2019.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953: kifungo cha miaka saba. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Sir Winston alitunukiwa Nishani ya Nobel ya fasihi. Yeye alikuwa Bermuda katika mkutano na wakubwa wa Marekani na Ufaransa, kwa hiyo mkewe, Clementine, ndiye aliyekwenda Stockholm kuipokea.

My African Journey hupatikana bure kwenye intaneti kwa Kiingereza. Mwenye kuanza na aanze na sura za Uganda, kisha arudi nyuma kwenye sura ya nyanda za juu, akiwa na kitabu cha Thuku mkononi. Mkazi wa Kitale ana bahati zaidi, kwani gereza la Kapenguria lilifanywa makumbusho mwaka 1993, na vyumba walimofungiwa wale sita waweza kuviona, ukatoka asubuhi na kurudi jioni, kama Pritt.