Breki, Chumvi na Stika: Ukaguzi wa Kila Mwaka Unamfaa Nani?

Anayehamia Minneapolis au Saint Paul akitokea Pennsylvania, Virginia au Massachusetts hukutana na jambo geni siku ya kusajili gari. Karani anataka hati ya umiliki, anataka bima, anataka ada. Kuhusu breki haulizi, wala hatoki nje kutazama matairi. Mwaka ukiisha, mwenye gari analipia stika mpya ya namba, anaibandika, safari inaendelea. Minnesota haina ukaguzi wa usalama wa lazima kwa magari ya watu binafsi. Gari lililokwisha kutembea maili 200,000 linaweza kukaa barabarani miaka kumi zaidi bila mtu yeyote mwenye mamlaka kulichungulia uvunguni.

Kwa Wakenya wa Brooklyn Park, Wasomali wa Cedar-Riverside na familia za Wakongomani zinazoanza maisha katika miji hii pacha, jambo hili linagusa mfuko na uhai kwa pamoja. Gari la kwanza la mgeni kwa kawaida ni kuukuu, limenunuliwa kwa fedha taslimu, na ndilo linalompeleka kwenye zamu ya usiku wakati mabasi yamepungua. Je, angefaidika kama jimbo lingemlazimisha kulikaguza kila mwaka?

Marekani imewahi kuelekea huko. Sheria ya usalama wa barabara kuu ya mwaka 1966 iliipa serikali kuu nguvu ya kuyanyima fedha za barabara majimbo yasiyokagua magari. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, majimbo yapatayo 31 yalikuwa na ukaguzi. Mwaka 1976 Bunge la Marekani likaiondoa adhabu hiyo, na majimbo yakaanza kujitoa moja baada ya jingine. Ofisi ya ukaguzi ya bunge hilo, GAO, ilipohesabu mwaka 2015 ilikuta yamebaki 16. Utah iliacha mwaka 2018. Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa magari binafsi tangu Januari 1, 2025, ingawa mwenye gari bado anatozwa dola 7.50 wakati wa kusajili, ada iliyowekwa mahali pa ile ya ukaguzi.

Wakazi wa muda mrefu wa Minneapolis huenda wanakumbuka foleni za vituo vya kupima magari kati ya mwaka 1991 na 1999. Kipimo kile kilihusu moshi. Hewa ya miji hii ilikuwa imezidi kiwango cha kaboni monoksaidi kilichowekwa na serikali kuu, na magari ya wilaya saba za eneo hili yalipimwa mpaka hewa ilipotengemaa. Breki na usukani havikuhusika.

Hoja ya wanaotetea ukaguzi ni rahisi kueleweka: gari bovu huua, kwa hiyo litafutwe kabla halijaua. Na magari mabovu yapo kweli. Ripoti ya GAO inaonyesha kwamba Pennsylvania, mwaka 2014, zaidi ya magari 529,000, karibu asilimia 20 ya yaliyokuwamo kwenye takwimu, yalianguka ukaguzi kwanza, yakatengenezwa, ndipo yakapita. Nusu milioni ya magari yenye kasoro katika jimbo moja si jambo la kupuuza.

Lakini swali lenye uzito ni kama vifo vinapungua, na hapo ushahidi unakuwa mgumu kwa watetezi. New Jersey ilipoacha kukagua usalama wa magari binafsi mwaka 2010, iliwapa watafiti nafasi ya kulinganisha jimbo lilelile kabla na baada. Alex Hoagland na Trevor Woolley, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, hawakuona ongezeko la maana la vifo, wala la ajali zilizosababishwa na ubovu wa gari. Norway, nchi ya theluji kama Minnesota, ilichunguzwa na Peter Christensen na Rune Elvik mwaka 2007. Walikuta mambo mawili yanayoonekana kupingana: ukaguzi uliboresha hali ya magari, lakini idadi ya ajali haikushuka kwa sababu yake.

Inakuwaje gari liwe zima zaidi na ajali zibaki palepale? Sababu ya kwanza ni kwamba ubovu wa gari ni chanzo cha ajali chache. Uchunguzi mkubwa wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, uliofanywa kati ya mwaka 2005 na 2007, ulikuta sababu ya mwisho iliyoleta ajali ilitoka kwa dereva katika visa 94 kwa kila 100, na kwa gari katika visa 2. GAO, ikikusanya makadirio mbalimbali, ilitaja asilimia 2 hadi 7. Sababu ya pili ni muda: ukaguzi unasema gari lilikuwaje siku ile. Tairi lililopita mwezi Machi linaweza kuwa kipara ifikapo Novemba, na taa iliyowaka mbele ya mkaguzi inaweza kuungua njiani kurudi nyumbani.

Minnesota yenyewe ni mfano. Katika miaka ya karibuni, vifo vyake vya barabarani viko chini ya kimoja kwa kila maili milioni 100 zinazoendeshwa, wakati wastani wa taifa uko juu ya kimoja. Pennsylvania, yenye majira ya baridi na chumvi kama hapa na ukaguzi wa kila mwaka, imekuwa na kiwango kikubwa kuliko cha Minnesota. Massachusetts nayo inakagua, na iko chini pamoja na Minnesota. Ulinganisho wa namna hii hauthibitishi kitu peke yake, kwa sababu barabara, hospitali, ulevi na mikanda vyote vimo ndani. Unaonyesha tu kwamba jimbo linaweza kuwa miongoni mwa salama zaidi nchini bila stika ya ukaguzi kwenye kioo.

Mtu asiishie hapo akadhani gari lake liko salama. Minnesota ina adui ambaye wastani wa kitaifa haumwonyeshi vizuri, naye ni chumvi. Kila majira ya baridi, eneo la miji pacha humwagiwa zaidi ya tani 300,000 za chumvi ili barafu iyeyuke. Maji yale ya chumvi hurushwa na matairi mpaka uvunguni, yakajificha kwenye kona za chesisi na juu ya vibano vinavyoshika bomba za breki. Bomba hizo ni nyembamba kuliko kalamu, na katika magari mengi ya zamani ni za chuma. Fundi akiliinua gari la miaka kumi na tano na kumulika tochi juu ya ekseli ya nyuma, anakuta bomba lililovimba kwa kutu, linalobanduka magamba ukiligusa kwa ukucha. Kwa nje gari linang'aa. Pedali ya breki bado ni ngumu. Siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu zote, kwa sababu mtoto amekatiza au lori limesimama ghafla, ndiyo siku presha inapopanda kuliko kawaida na bomba kupasuka.

Hilo limechunguzwa. Baada ya malalamiko kuhusu magari makubwa ya General Motors, NHTSA ilipekua suala la bomba za breki kwa miaka kadhaa. Ilifunga uchunguzi Aprili 2015 bila kuamuru magari yarudishwe kiwandani, ikisema kutu hiyo ni tatizo la watengenezaji wengi, si la kampuni moja. Badala yake ilitoa onyo kwa wenye magari ya mwaka 2007 na ya nyuma zaidi katika majimbo 20 ya chumvi, Minnesota ikiwemo: waoshe uvungu wa gari, na bomba zikaguliwe, kwa kuwa kutu ya hatari inaweza kujitokeza baada ya miaka saba hadi minane ya chumvi. Umri wa wastani wa magari ya Marekani mwaka 2024 ulikuwa miaka 12.6. Gari la kawaida, basi, limeshapita miaka hiyo saba hadi minane.

Matairi nayo yana mkasa wake. Katika ule uchunguzi wa NHTSA, pale gari lilipokuwa sababu, matairi yalichukua asilimia 35 na breki asilimia 22. Baridi hupunguza upepo wa tairi kwa takriban psi moja kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit. Tairi lililojazwa psi 33 siku yenye joto ya Septemba linaweza kuwa na 26 asubuhi ya Januari yenye nyuzi sifuri, bila kuvuja hata kidogo. Wengi hutegemea taa ya onyo kwenye dashibodi, ambayo magari mapya yote yamelazimika kuwa nayo tangu mwaka 2007. Lakini sheria inataka iwake pale upepo unapopungua kwa asilimia 25, yaani kwa tairi hilo karibu psi 24.8. Kwenye 26 taa inaweza kuwa kimya, na gari linateleza kwenye barafu na matairi yaliyolegea.

Liko jambo jingine ambalo takwimu za ajali hazilitaji. Mahali pasipo na ukaguzi wa kituoni, ukaguzi hufanywa na polisi barabarani, usiku, kwa kuchagua nani asimamishwe. Julai 6, 2016, Philando Castile, mfanyakazi wa jiko la shule huko Saint Paul, alisimamishwa Falcon Heights na kuambiwa taa ya breki haiwaki, ingawa afisa alikuwa amesema pia kwa redio kwamba dereva anafanana na mshukiwa wa wizi. Aliuawa kwa risasi ndani ya gari, mchumba wake na mtoto mdogo wakishuhudia. Aprili 11, 2021, Daunte Wright, kijana wa miaka 20, aliuawa Brooklyn Center baada ya kusimamishwa kuhusu stika ya namba iliyokwisha muda. Familia nyingi za Kiafrika zinaishi mitaa hiyohiyo, na kila mzazi mwenye kijana anayeendesha gari anajua maana ya taa iliyoungua.

Baadhi ya viongozi walichukua hatua. Septemba 2021, mwendesha mashtaka wa Ramsey County, John Choi, alitangaza kwamba ofisi yake haitashtaki kesi zinazotokana na kusimamishwa kwa makosa madogo ya gari yasiyohatarisha umma. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Don Samuels, aliyewahi kuwa diwani wa Minneapolis, alianzisha mpango uitwao Lights On! kupitia shirika la MicroGrants. Afisa akiona taa haiwaki, badala ya faini humpa dereva vocha, naye anakwenda kwenye gereji taa ikabadilishwa bila malipo. Kwa fedha kidogo kasoro inaondoka, na dereva hana sababu ya kumwogopa aliyeigundua.

Mpango huo una jambo ambalo ukaguzi wa lazima hauna: unalipia matengenezo. Hapo ndipo ukaguzi wa kila mwaka unapomuumiza mwenye kipato kidogo. Ada yenyewe si tatizo kubwa. Uingereza, ambako gari la zaidi ya miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, gereji haiwezi kutoza zaidi ya pauni 54.85. Tatizo ni kwamba mara nyingi gereji inayokagua ndiyo inayouza spea na kutengeneza, na mteja asiyejua gari wala lugha ya mafundi hana njia ya kubisha. Akishindwa kulipa, gari halisajiliwi, na kazi inapotea. Au anaendelea kuliendesha bila stika, na tumerudi kwa polisi na taa za bluu.

Magari ya biashara ni habari tofauti, na hakuna anayepaswa kulalamika. Malori makubwa hukaguliwa kila mwaka kwa sheria, na mabasi ya shule hukaguliwa kila mwaka na State Patrol ya Minnesota. Gari la kazi hutembea mwaka mmoja maili ambazo la nyumbani lingetembea kwa miaka kadhaa, na limebeba watu ambao hawakuchagua breki zake. Kenya imefuata mantiki hiyohiyo kwa matatu, ambazo hukaguliwa kila mwaka na mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA.

Kwa ushahidi uliopo, Minnesota haina sababu nzuri ya kuwalazimisha wenye magari wote kupanga foleni kila mwaka. Pengo halisi liko kwenye mauzo ya magari yaliyotumika. Sheria ya jimbo inamtaka muuzaji mwenye duka atoe dhamana kwa gari lililotumika, lakini si kwa lililozidi maili 75,000 wala kwa la bei iliyo chini ya dola 3,000, na hayo ndiyo magari ya wanyonge. Wabunge wa Saint Paul wangelazimisha gari la namna hiyo liinuliwe na bomba zake za breki zitazamwe kabla halijabadilisha mikono, wangegusa hatari ilipo bila kumsumbua mwenye gari la mwaka jana.

Mpaka hilo litokee, mwenye gari la zaidi ya miaka saba alipeleke gereji mara moja kwa mwaka kwa hiari yake, mwezi Aprili au Mei chumvi inapokwisha, baada ya kuliosha uvungu. Aombe liinuliwe naye akiwa amesimama pale, na aonyeshwe bomba za breki mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Matairi ayapime mwenyewe: aichomeke senti moja kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha Lincoln kikiwa chini, kikionekana chote, tairi limeshuka chini ya milimita 1.6, kiwango cha chini kabisa cha sheria. Na yeyote anayetaka kununua gari la mtu lililotangazwa kwa bei ya kuvutia asitoe hata dola moja kabla fundi wake mwenyewe hajaliona uvungu.