Mikimbio 191: Rekodi ya besiboli iliyosubiri miaka 69 kusahihishwa

Katika ligi kuu ya besiboli nchini Marekani, hakuna mpigaji aliyewahi kuiletea timu yake mikimbio mingi zaidi kwa msimu mmoja kuliko Hack Wilson wa Chicago Cubs. Aliiweka rekodi hiyo mwaka 1930, nayo haijavunjwa hadi leo.

Huhesabiwaje?

Timu hupata mkimbio mmoja kila mchezaji wake anapozunguka vituo vyote na kurejea kituo cha nyumbani. Ikiwa amefika huko kutokana na pigo la mwenzake, mpigaji huyo huandikiwa mkimbio huo katika hesabu yake. Mpigaji anayeupeleka mpira nje ya uwanja hujihesabia yeye mwenyewe pamoja na wote waliokuwa vituoni. Kwa hiyo, vituo vitatu vikiwa na watu, pigo moja humpa mikimbio minne. Lakini mkimbio ukipatikana kwa sababu tu ya kosa la timu pinzani, kwa kawaida mpigaji haandikiwi kitu.

Kosa la karani

Kwa miongo mingi vitabu vya kumbukumbu vilionyesha kwamba Wilson alileta mikimbio 190. Baadaye watafiti walizipitia upya taarifa za mechi za msimu ule na kugundua kwamba mkimbio mmoja wa mwezi Julai, katika mechi dhidi ya Cincinnati, uliandikwa kimakosa kwa jina la mchezaji mwenzake, Charlie Grimm. Mwaka 1999 uongozi wa ligi uliidhinisha masahihisho hayo, na idadi ikawa 191. Wilson mwenyewe hakuishi kuyaona, kwani alifariki dunia mwaka 1948.

Jitihada za nani?

Mjadala mkubwa zaidi unahusu maana ya hesabu yenyewe. Mpigaji hawezi kumrejesha nyumbani mtu ambaye hayupo kituoni. Mwaka 1930, Kiki Cuyler na Woody English, waliokuwa wakipiga kabla ya Wilson, walikamilisha mikimbio 155 na 152. Isitoshe, ulikuwa msimu wa neema kwa wapigaji wote wa National League. Mwaka uliofuata, Wilson aliambulia mikimbio 61 tu.

Hali kama hiyo ilionekana tena mwaka 2024. Aaron Judge wa New York Yankees aliongoza American League kwa mikimbio 144, huku Juan Soto, aliyekuwa akipiga mbele yake, akikamilisha mikimbio 128. Katika National League aliongoza Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers, mzaliwa wa Japani, kwa mikimbio 130.

Ndiyo maana wachambuzi wengi wa leo hawampimi mpigaji kwa hesabu hii peke yake, bali hutazama pia ni mara ngapi anafika kituoni na uzito wa mapigo yake. Hata hivyo, nafasi ikishapatikana, bado anahitajika mtu wa kuitumia. Wilson alipiga mipira 56 nje ya uwanja msimu ule, na tangu mwaka 1938 hakuna mpigaji aliyefikisha hata mikimbio 170.