Hedhi Ikikoma, Tusiusahau Moyo

Leo tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama husemezana kwa sauti ya chini, na wanaume hawaulizi: kukoma kwa hedhi. Wengi tunajua habari ya joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi. Lakini kuna mabadiliko mengine ambayo mama hayasikii mwilini, nayo yanagusa moyo.

Fikirini hivi. Mama akiwa mjamzito, kila akienda kliniki anapimwa uzito na presha. Akimaliza kuzaa, safari za kliniki zinaisha. Anaweza kukaa miaka kumi au zaidi bila kupimwa. Kumbe hiyo ndiyo miaka ambayo hatari ya ugonjwa wa moyo inaanza kupanda! Hapo ndipo kikundi kinapoweza kusaidia.

Ni nini kinachotokea mwilini?

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Si ugonjwa, ni hatua ya maisha kama kubalehe. Wakati huo mwili hupunguza sana kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Homoni hii si ya uzazi tu. Husaidia ini kuondoa kolesteroli mbaya katika damu, na huifanya mishipa ya damu itanuke vizuri. Ikipungua, kolesteroli mbaya hupanda, hasa katika kipindi kinachozunguka hedhi ya mwisho.

Kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe hutengeneza na huihitaji. Lakini ile mbaya ikizidi, hujipachika ndani ya kuta za mishipa. Wenye mradi wa maji mmeona bomba la zamani lililojaa uchafu ndani: maji yanapita kidogo kidogo, mpaka siku moja hayapiti. Mshipa wa moyo ukizibika, mtu hupata mshtuko wa moyo. Ukizibika wa ubongo, hupooza.

Mama ambaye hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari kwa upasuaji mapema, awe mwangalifu zaidi.

"Mbona nanenepa na chakula ni kile kile?"

Kwa sababu umri ukienda misuli hupungua, na mwili hautumii chakula kingi kama zamani. Tena mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye mapaja na makalio huhamia tumboni. Mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi kwa moyo, na huleta pia kisukari. Kwa hivyo tusisifu kila kitambi kuwa ni dalili ya kushiba na amani.

Kikundi kifanye nini?

1. Pimeni kiuno. Tumieni tepu ya fundi wa nguo, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mama, kikizidi sentimita 80 ni onyo. Kikizidi 88 hatari ni kubwa.

2. Pimeni presha. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mwalikeni wenu siku ya mkutano. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, mama aende kituo cha afya apimwe tena. Akipewa dawa, asiache ati kwa sababu anajisikia vizuri. Presha haina kelele. Aulize pia kama kolesteroli inaweza kupimwa hapo au hospitali kubwa.

3. Angalieni sufuria. Punguzeni mafuta ya kuganda na samli, na msirudie mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya viungo vya mchuzi vya dukani. Sukari ya chai ipungue. Ongezeni maharagwe, kunde, managu, terere, omena, na ugali wa wimbi au mtama. Vingi ya hivi viko shambani, havihitaji pesa nyingi.

4. Tembeeni. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, yatosha kwa kuanzia. Kulima na kuchota maji nako ni mazoezi. Anayeshinda ameketi dukani ndiye ajipange zaidi.

5. Acheni sigara na ugoro.

Je, hakuna dawa ya kurudisha homoni? Iko, na daktari huweza kuwapa baadhi ya akina mama wanaosumbuliwa sana na joto la mwili. Lakini haitolewi kwa ajili ya kulinda moyo. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba aina moja ya dawa hizo haikulinda moyo, bali iliongeza hatari.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mama mwenye mshtuko wa moyo huweza kubanwa na kifua. Lakini pengine husikia maumivu ya mgongo, taya au mkono, pumzi kukatika, kichefuchefu, au uchovu asioujua. Watu husema ni vidonda vya tumbo au kazi nyingi. Msingoje asubuhi. Vilevile, damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, nenda ukapimwe.

Maswali ya kujadili kikundini

- Ni mama wangapi hapa wamepimwa presha mwaka huu?
- Nani atamwalika mhudumu wa afya, na lini?
- Mama akizidiwa usiku, kikundi kina mpango gani wa gari na nauli?
- Waume na watoto watasaidiaje ili chakula cha nyumbani kibadilike?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na mkutano ujao muulizane yamefika wapi.